Mpiga Hodi wa Mwisho

Ukutani palikuwa na matundu mawili ya misumari, na kati yake kipande cha rangi kilichong'aa kuliko ukuta mzima. Hapo ndipo kibao chenye jina lake kilipokaa kwa miaka ishirini na miwili.

Mwalimu, kama alivyoitwa na wote ofisini, aliegemeza mkongojo wake kwenye meza. Alikuwa amelazwa siku kumi kwa upasuaji wa goti. Jana jioni aliruhusiwa, akafika nyumbani akalala kama gogo, na asubuhi hii akaja kazini moja kwa moja.

"Nani amekitoa?"

Kipara, kijana wa majaribio ya programu, akainama ghafla kutafuta kitu chini ya kiti.

"Mimi," akajibu mkuu wa mradi. Binti huyu alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu. Mstari wake wa kwanza wa msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, aliuandika huku Mwalimu amesimama nyuma ya bega lake. "Pole na goti, Mwalimu. Keti kwanza."

"Siketi."

Walichokitunza hapo ni maktaba ya msimbo, ambayo waandishi wa programu huichukua ili programu zao ziweze kuzungumza na seva za mtandao. Kila sehemu ya maktaba ilikuwa na mtunzaji wake, na kila mtunzaji alikuwa na kibao chake ukutani maadamu sehemu yake ingali hai. Sehemu ya Mwalimu ilihudumia itifaki ya zamani, yaani utaratibu wa mawasiliano ya kompyuta, iliyosafirisha maneno yakiwa wazi, kama barua isiyo na bahasha. Dunia ilikwisha kuiacha. Kwa miaka mitatu wenzake walitaka iondolewe, kwa kuwa kadiri ilivyobaki ilikuwa dirisha wazi kwa wezi.

Kizuizi kilikuwa mtumiaji mmoja. Maktaba ilipeleka ofisini hesabu ya matumizi yake, bila kutaja jina wala mahali. Na kila siku, saa kumi na mbili kamili asubuhi, mtu mmoja tu ulimwenguni aliita kwa itifaki ile, kisha akanyamaza hadi kesho yake. Wakampa jina la Mpiga Hodi. Matangazo matatu yalimsihi ahamie itifaki mpya. Hakujibu hata moja.

"Huenda ni zahanati," Mwalimu alizoea kusema kila kikao. "Huenda ni mtu mzima asiyejua pa kuanzia. Tumfungie mlango usoni?"

Kanuni ya mradi ilikataza kuondoa sehemu yenye mtumiaji hata mmoja. Hoja ikaahirishwa, kibao kikabaki.

"Uliniahidi," Mwalimu alimwambia sasa mkuu wa mradi. "Uliniahidi kwamba Mpiga Hodi akiwapo, hutaigusa."

"Hayupo. Siku saba mfululizo hakuita. Siku ya nane nikaiondoa. Siku saba, Mwalimu. Kanuni hiyo uliitunga mwenyewe."

"Haiwezekani."

Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Sifuri saba zilikuwa zimejipanga chini ya namba moja nyingi zisizo na idadi. Mwalimu aliinama akazihesabu kwa kidole.

"Mwaka juzi pia alinyamaza," akasema. "Siku tano. Akarudi."

"Tunakumbuka sana!" Kipara akaibuka kutoka chini ya kiti. "Tulikwisha nunua soda za matanga yake. Wewe uko juu ya lori na makochi yako, unahama nyumba, unatupigia kelele kwenye simu: 'Ngojeni, atarudi!' Soda zikapata moto."



"Kikulacho ki nguoni mwako," Mwalimu akamwambia mwanafunzi wake taratibu. "Nilikushika mkono hujui hata kuhifadhi faili. Leo mimi niko kitandani, mguu umefungwa, nawe unanichimbia kaburi. Hukuweza kusubiri nirudi, uniambie usoni?"

Macho ya mkuu wa mradi yalikuwa yamelowa, lakini hakuyainamisha.

"Miaka mitatu nimesimama mbele ya wenzangu nikikutetea," alisema. "Kila neno ulilosema kuhusu Mpiga Hodi nililiamini. Kila neno, Mwalimu."

Akafungua mtoto wa meza na kutoa kibao, kimefungwa vizuri ndani ya gazeti. Mwalimu alikitia kwapani na kutoka bila kuaga. Kwenye ngazi walimsikia akipumzika kila kipandio cha pili.

Nyumbani, mkewe alikuwa uani akianika nguo.

"Baba watoto! Na goti hilo? Si ulisema utachungulia tu urudi?"

Alipita sebuleni, akapita jikoni, akaingia stoo. Kwa ncha ya mkongojo alisukuma boksi la viatu vilivyochakaa, kisha godoro la zamani lililoegemezwa ukutani. Nyuma yake ilikuwapo kompyuta kuukuu ya kijivu, iliyotegwa kuita kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa imezimika. Aliweka kiganja juu yake; ilikuwa baridi.

Mkewe alikuja akasimama mlangoni, vibanio vya nguo vimejaa mkononi.

"Niliichomoa siku ile ile uliyolazwa," alisema. "Binti yako wa kazini alinipigia simu akaniomba. Akasema nisikwambie, maana na wewe hukumwambia."