Mke Mwenye Kivuli cha Mbweha

Nyaboke aliigeuza tena ile picha, ikatazama ukuta.

"Nyaboke," aliita Bi Hayashi, bibi kizee Mjapani ambaye Nyaboke alimtunza nyumbani kwake mjini Carrollton. "Nyaboke!" Nyaboke akageuka pale tu aliposhikwa mkono. "Imekukosea nini picha yangu?"

Ilikuwa ya zamani, iliyochapwa kwa ubao wa kuchonga. Mwanamke amembeba mtoto nyuma ya pazia la karatasi; lakini kivuli chake kina masikio na pua ya mbweha.

"Huyo mbweha alijigeuza mke wa mtu," bibi alieleza. "Akapika, akafua, akalea mtoto. Mke mwenyewe alipotokea, ikabidi aondoke. Sisi tukimwona tunamlilia."

"Mnamlilia mbweha badala ya mke?"

"Alimpenda sana mtoto."

Nyaboke hakutaka kusikia zaidi. Jioni, akifungua gereji nyumbani, alikwepa kukitazama hata kivuli chake mwenyewe.

Maana nyumbani nako mambo hayakuwa shwari. Kuna mwanamke alikuwa akimpigia mumewe Kigen kwa namba ya Houston. Kigen hutoka nje kupokea, akarudi uso umemshuka. Jamani, nani asiyezijua dalili za nyumba inayotaka kuvunjika?

"Anataka nini?"

"Anataka kuja."

"Akija, mimi niende wapi?"

Kigen aliinamia sahani yake.

Hata kanisani Jumapili hakupumua. Mama mmoja mgeni, Mkisii, alisikia jina lake, jina la kwao, akafurahi mno, akamsalimu kwa Kikisii na kumwaga maneno. Nyaboke alitabasamu, akamjibu kwa Kiswahili kwamba mtoto ana njaa, wanakimbilia nyumbani.

Na mtoto ndiye aliyemkosesha usingizi. Mume akitaka kwenda, na aende zake. Lakini si Sheldon, ambaye halali mpaka amshike shingo.

Mchana wa Jumapili hiyohiyo kengele ya mlango ililia. Nje alisimama mwanamke mwembamba na begi moja. Sheldon akajificha nyuma ya sketi ya Nyaboke.

Matusi yote aliyoyaandaa Nyaboke yakayeyuka.

"Mchukue Kigen," alisema. "Nyumba pia chukua. Mtoto tu niachie, tafadhali."

Mgeni alikuwa akimtazama Sheldon, machozi yanamtiririka.

Kigen alitokea jikoni, akamwona, akasimama palepale. Kisha akampita mkewe, akalipokea lile begi.

"Karibu ndani, Nyaboke," akamwambia mgeni, mwenye jina na mwenye mtoto.