Panzi na Mgeni wa Mgongoni

"Shuka mgongoni mwangu, we mchafu!" Panzi alifoka.

"Nitashukaje, nami nimeshaota?" Ukungu, yule kuvu wa mgongoni, alijibu. Alikuwa taabani. Mate aliyotema ili kuyeyusha ganda la Panzi yalimuunguza mwenyewe, na njaa ilikaribia kummaliza.

Mke wa Panzi akasema, "Baba Tunutu, nenda ukaote jua. Joto litamkausha huyo."

"Nisumbuke juani kwa ajili ya huyu? Acha nimcheke kwanza, anakufa."

Akakaa kivulini akicheka mchana kutwa. Kivuli hicho kikampoza Ukungu, akapata nguvu tena, na jioni ganda likatoboka. Panzi alijaribu kuruka, miguu ikakataa kwa sumu ya mate yale.

Ukungu alisimama penye tundu, mlangoni kabisa, akasema kwa adabu, "Hodi humu ndani, baba. Usijisumbue kuinuka."