Kaa Mkaguzi na Mtoto wa Mama Perege

Kiluwiluwi mmoja yatima alipelekwa kwa Mama Perege akalelewe kwa muda, mpaka Bwana Kaa, mkaguzi wa makazi, atoe idhini.

"Nimwite mama?" mtoto akamuuliza Kaa ofisini kwake.

"Bado! Kwanza nikague dimbwi lake."

Kaa akafunga safari. Lakini kaa hutembea kiubavu, akatokea kwenye shamba la viazi. Akarudi ofisini kuanza upya. Safari iliyofuata akaishia harusini kwa watu, akala pilau mpaka akasinzia.

Hatimaye akafika dimbwini akihema, akampiga Mama Perege muhuri kwenye paji la uso.

"Haya mtoto, ruksa kumwita mama!"

Kiluwiluwi, ambaye sasa alikuwa chura mwenye kitambi, akakohoa.

"Ahsante, mzee. Ila wanangu wameshazoea kumwita bibi."