Majivu ya Ngoma

Mbwana Sheshe, mwenyekiti wa kamati ya urithi, alikuwa ameilaza ngoma kubwa ya mtaa na kuikalia kama gogo. Alivaa suti nyeusi, na ngoma yenyewe aliipaka majivu ili ionekane imesahaulika. Wafadhili walikuwa njiani, na kwenye maombi ya fedha aliapa kwamba ngoma hiyo imekufa, haijapigwa tangu enzi za mababu.

"Shuka hapo, Sheshe," alisema Bi Somoe. "Binti yangu ni mwali, anatolewa ndani sasa hivi, na ngoma ndiyo hiyo."

"Leo pigeni makofi tu, Bi Somoe. Hela zikija tutawafundisha vijana kuipiga."

Bi Somoe alimtazama kuanzia viatu hadi tai.

"Atawafundisha nani? Wewe?"

Gari la wageni likakata kona. Sheshe akakunja uso kama yuko matangani. Hapo Bi Somoe akainama, akaicharaza ngoma kwa viganja viwili huku yule kaikalia vilevile, na uani vigelegele vikaitika. Majivu yakatimka, yakaivaa suti. Mgeni wa kwanza alishuka na kamera yake, akamkuta mwenyekiti mweupe pepepe, anatikisika juu ya marehemu wake.