Upande wa Mwalimu Hironimus

Asubuhi hiyo Mwalimu Hironimus hakunywa chai. Alichutama jikoni akichana daftari lake la maandalio ya somo, akiulisha moto ukurasa baada ya ukurasa.

"Baba Remmy, si kazi yako ya mwaka mzima hiyo?" Noela, mkewe, alimuuliza.

"Ndiyo itakayonifukuzisha kazi."

Barua ilikuwa imefika jana, fupi, imepigwa taipu. Afike ofisi ya elimu mjini Songea saa nne, ajieleze kuhusu malalamiko ya wazazi kwamba darasani anapendelea upande mmoja wa siasa. Basi, hakuna zaidi. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa umebaki wiki tano, na watumishi wa serikali walikuwa wanapunguzwa kila kukicha. Hironimus hakuhitaji kuambiwa ni upande gani.

Kosa lake alilijua. Kama alivyoandaa daftarini, alikuwa amepiga mstari katikati ya ubao, huku hoja za chama tawala, huku za wapinzani, tano kwa tano, hakuna aliyezidishiwa hata nukta. Watoto walipombana aseme yeye angempigia nani kura, aliwajibu, "Mimi nafundisha, sifanyi kampeni." Lakini katibu kata wa chama tawala alipita dirishani wakati uleule anaandika hoja za wapinzani, na tangu siku hiyo katibu hakumjibu salamu. Maskini mwalimu wa watu! Miaka kumi na sita ya kula vumbi la chaki, na sasa hana hakika kama mwezi ujao Noela atapata dawa zake za moyo.

Daftari lilipokwisha alipanda baiskeli mpaka Mshangano, kwa shemeji yake Bartolomeo, mwenyekiti wa tawi la chama tawala.

"Nipe kadi, shemeji. Iandike ya mwaka themanini na tatu."

"Si mmekatazwa siasa kazini ninyi?"

"Sasa nife na haki yangu mkononi? Andika!"

Bartolomeo aliandika huku anacheka chinichini. Akamwongezea na shati la kijani la chama, lililombana kwapani.

Njia nzima Hironimus alikariri maneno ya kusema. Hakuwahi kumdanganya mkubwa wake wa kazi, na leo alikuwa anakwenda kudanganya akiwa ameuvaa uongo wenyewe.

Afisa elimu, Bi. Zabibu Chande, alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kaa, tulia. Umekuja na daftari la maandalio?"

"Limeungua, mama. Bahati mbaya, jikoni."

"Aa! Hilo ndilo nililokuwa nalitaka."

Hironimus alishukuru moyoni kwamba amewahi kulichoma. Hakungoja Bi. Zabibu afungue faili. Aliiweka kadi mezani, akaisukuma mbele.

"Mimi ni mwanachama wa chama tawala, mama, tangu themanini na tatu. Darasani nakipigia debe waziwazi. Wapinzani siwapi hata dakika moja, waulize watoto! Mke wangu ni mgonjwa, mama, usinifukuze." Machozi yalikuwa yanamtoka, mtu mzima na mvi zake.

Bi. Zabibu aliitazama kadi, akalitazama na shati. Akavua miwani.

"Wazazi waliolalamika ni wapinzani, mwalimu," alisema. "Na wiki nzima nimewabishia kwamba wanakusingizia."