Mikono ya Mama Inasubiri Ushahidi

Mama anafundisha fiziotherapia, tiba ya viungo, chuoni, lakini nyumbani haruhusiwi hata kumnyoosha Bibi vidole. Walimu wote wa kazi yake wamevalishwa pete. Wakitaka kumtibu mtu au kufundisha zoezi, pete inauliza kwanza: "Ushahidi?" Bibi amepooza mkono tangu Pasaka, na ana miaka tisini na moja. Tafiti zote za tiba hiyo ziliishia kwa watu wa miaka themanini.

"Ushahidi haupo," pete inasema. Kila siku hivyo hivyo.

"Si ni mama yako?" nikafoka leo. "Ivue!"

"Nikiivua sifundishi tena, Nyamizi."

Na ngumi ya Bibi inazidi kujifunga, kucha zinamchoma kiganjani. Basi nikakaa mkekani, nikaanza kuvuta vidole mwenyewe. Mimi sijasomea chochote, kwa hiyo hakuna anayeniuliza.

"We mke mwenzangu, unanivunja!" Bibi akalia.

"Nishike wapi, Mama? Sema!"

Mama aliona ninapokosea. Nilimwona kabisa ameona. Akafungua mdomo, pete ikawaka, akaufunga.

"Mama!"

Akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo nilivyokwisha kuviosha. Mimi nikaendelea kuvuta.