Mtihani wa Kufariji

Hidaya alikuwa akiosha vyombo mgeni alipobisha hodi. Alipomwona yule mama amening'iniza kitambulisho cha chuo shingoni, akajua mtihani wa maisha umefika. Siku hizi hakuna shahada bila mtihani huo. Huja bila taarifa, hufanyika nyumbani, tena mara moja tu.

Hidaya alipika, akashona kifungo, akasoma mkataba wa ajira na kuonyesha kifungu chenye hila.

"Safi, binti," alisema mtahini. "Limebaki moja tu, kufariji."

Akaweka kisanduku cheusi mezani. Kikaanza kulia kwa sauti ya mwanamke aliyefiwa.

Hidaya alitazama saa. Ilikaribia saa kumi.

"Samahani, mwalimu. Jirani yetu, Bi Mwanakombo, yuko eda. Saa kumi ndipo marehemu mumewe alipokuwa akirudi kutoka kazini, naye hataki imkute peke yake. Nilimwahidi."

"Ukitoka, nafunga mtihani. Miaka yako mitatu itakwenda na maji."

"Basi twende wote, ukanisahihishie huko."

Mtahini alicheka, kisha akaacha. "Mashine inapima kilio chake yenyewe, mwanangu. Cha watu haikijui."

Hidaya alijifuta mikono kwa kanga, akatoka.

"Nilidhani leo huji," alisema Bi Mwanakombo.

"Nimekuja, bibi."

Wakakaa mkekani, mkono kwa mkono, wakiutazama mlango ambao hakuna aliyeufungua. Simu ya Hidaya ilitetema mara moja. Hakuitazama.